Je, ni Dhambi Kubadili Mbegu?

Wako wazee katika vijiji vya kando ya ziwa letu wasemao ya kuwa mbegu ni kazi ya Mungu, wala si halali mwanadamu kuitengeneza upya. Neno hili si la kudharauliwa, maana latoka katika kicho. Basi na tulipime.

Joto huleta hasara mbili katika maharagwe. Usiku ukizidi digrii 20 hivi, chavua, yaani ule unga wa maua, huharibika, na maua hupukutika bila kuzaa. Tena punje zikiiva katika joto kali huwa ndogo na dhaifu. Zikipandwa msimu ujao, nyingi hazioti vema.

Mwaka 2015 wataalamu wa kituo cha CIAT, nchini Kolombia, walitangaza aina 30 za maharagwe yastahimiliyo joto. Baadhi yake zilipatikana kwa kuzalisha maharagwe ya kawaida pamoja na ndugu yao mdogo aitwaye tepari, mzaliwa wa majangwa ya kaskazini ya Meksiko.

Je, huku ni kushindana na Muumba? Hatudhani. Mama zetu Wasukuma, walipochagua masuke bora ya mtama na kuyatenga yawe mbegu, walifanya kazi iyo hiyo kwa macho na subira. Huko Ukiriguru nako, karibu na Mwanza, ilichaguliwa pamba yenye vinyweleo majanini, ili wadudu wafyonzao wasiishinde. Baba zetu waliipanda, wakalipa kodi kwa fedha yake. Uvumilivu wa tepari aliuweka Mungu. Mtu ameukuta, akauhamisha.

Walakini kicho cha wazee kina mahali pake. Kama watu wa jangwani wangaliitupa tepari kwa udogo wake, leo tusingalipata msaada huo. Basi dhambi haimo katika kuchanganya, bali katika kupoteza. Apataye mbegu mpya akaiacha ya bibi yake ipotee, awanyima wajukuu dawa ya taabu ambayo haijajulikana bado.

Kwa hiyo yatupasa kuipokea mbegu mpya kwa shukrani, tukiijaribu kwanza katika kipande cha shamba. Na ile ya zamani tuitenge katika kibuyu kikavu, mahali penye ubaridi, tuipande tena kabla haijafa. Kwa kuwa mbegu hufa hata ghalani. Mbegu ni amana: tuliipokea ikiwa hai, nasi tuikabidhi ikiwa hai.