Je, Kazi ya Mungu Haina Makosa?

Miaka kumi na moja iliyopita nilimzika mtoto wa miaka minne katika usharika niliokuwa nautumikia wakati huo, huko mlimani, mahali ambapo barabara hufungwa na matope kila masika. Mtoto alishikwa na homa jioni. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Walimkimbiza zahanati kwa pikipiki. Zahanati haikuwa na damu, wakaambiwa waende hospitali, na gari halikupatikana hadi alfajiri. Alifariki njiani, mikononi mwa bibi yake aliyekuwa akimlea.

Siku ya maziko nilifanya yale ambayo wachungaji tunayafanya. Nilisoma masomo, nikahubiri kwa ufupi kwa kuwa mvua ilikuwa inanyemelea, na mwisho nikawageukia wafiwa nikasema: "Mungu amempenda zaidi. Kazi yake haina makosa." Watu wakaitikia "Amina." Bibi hakuitikia. Baada ya kuweka mashada alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira: "Baba Mchungaji, kama Mungu alimpenda zaidi, ina maana mimi nilimpenda kidogo? Na kama alimtaka, si angemchukua akiwa amelala, kuliko kumtesa usiku kucha kwenye benchi la zahanati?"

Nilimjibu kitu. Sikumbuki nini, na nadhani ni afadhali.

Tangu siku hiyo maneno yale hunikwama kooni. Huenda nawe, ndugu msomaji, umeyasema au umeambiwa. Tunayaandika kwenye matangazo ya misiba, tunayatuma kwa simu pamoja na rambirambi, tunayatamka tukiwa hatuna la kusema. Wanaoyasema wana nia njema. Wanataka kumwambia mfiwa kwamba mambo hayajamponyoka Mungu. Hilo nami naliamini. Nisingeliamini, ningevua kola hii leo. Lakini maneno yenyewe yanasema zaidi ya hapo. Yanasema kwamba kila kilichotokea ni kazi ya Mungu, na kwa kuwa ni kazi yake ni chema, na anayelia analia kwa sababu hajaelewa. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Swali la bibi ni la kale. Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4, aliliandika na kulihusisha na Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Kwa maneno yangu linasema hivi: kama Mungu anataka kuondoa uovu na hawezi, basi hana nguvu, kama anaweza na hataki, basi si mwema, na kama anaweza na anataka, huu uovu unatoka wapi? Nilipokutana nalo mara ya kwanza, katika chuo cha theolojia, tulilichukua kama fumbo la hesabu. Tulijifunza jibu la Augustino, kwamba uovu si kitu alichoumba Mungu bali ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo ukosefu wa nuru, na kwamba uliingia kwa hiari ya viumbe waliomgeuka Muumba wao. Nilipata alama nzuri. Jibu hilo nalitetea mpaka leo, maana linatulinda tusimfanye Mungu kuwa chanzo cha dhambi. Ila jaribu kumweleza bibi aliyepakata maiti ya mjukuu wake kwamba alichopakata ni upungufu wa wema.

Aliyejitahidi sana kumtetea Mungu kwa hoja alikuwa Mlutheri mwenzetu, Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz. Mwaka 1710 alitoa kitabu ambacho jina lake, Theodisia, limekuwa jina la somo hili lote. Alifundisha kwamba Mungu mwenye hekima yote alichagua kuumba ulimwengu ulio bora kuliko mwingine wowote uliowezekana, na kwamba kinachoonekana kibaya kina nafasi yake katika uzuri wa jumla, kama kivuli katika picha. Miaka 45 baadaye, tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, asubuhi watu wakiwa wamejaa makanisani. Majengo yaliwaangukia waumini, mishumaa ya altare ikachangia kuwasha moto, kisha mawimbi ya bahari yakavamia mji. Maelfu walikufa. Mwaka 1759 Mfaransa Voltaire akatoa kitabu chake, Candide, akimcheka mwalimu ambaye kila balaa huliona kuwa ni jambo jema. Voltaire hakuwa rafiki wa kanisa, lakini katika hili sioni kwa nini tumnyime haki ya kucheka.

Nasi tunayo Lisbon yetu. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa kwa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka asubuhi mapema hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ilikuwa siku ile ile ambayo makanisa yetu yaliwasha mshumaa wa kwanza na kuimba kwamba Bwana anakuja. Wiki hiyo nilisikia maelezo mengi. Huyu alisema ni adhabu, yule akasema ni dalili za siku za mwisho, na wengi, kwa upole, wakasema kazi ya Mungu haina makosa.

Yesu mwenyewe aliwahi kuletewa habari za namna hii. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anawataka wanaomsikiliza watubu wao wenyewe, si kuwapekua marehemu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, naye anakataa majibu yote mawili. (Nawaomba washarika wanaokimbilia mikutano ambako kila mgonjwa huambiwa amebeba laana ya ukoo waisome sura hiyo polepole, ikiwezekana kabla ya kutoa sadaka.)

Mlima ukimeguka hakuna wa kumshitaki. Lakini ipo misiba ya aina nyingine, na huko maneno yetu yanafanya madhara makubwa zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Ilikuwa imebeba kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Nacho kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Tukisimama kwenye makaburi hayo na kusema kazi ya Mungu haina makosa, tunamsingizia Mungu hesabu ya abiria. Makosa yalikuwapo, na yana wenyewe. Kumtwika Mungu kile ambacho uzembe wetu umetenda ni kulitaja bure jina lake, na hiyo ndiyo amri ya pili tuliyoikariri sote kipaimara.

Mtoto niliyemzika naye hakufa kwa malaria peke yake. Barabara ilimuua, na damu iliyokosekana, na gari lililochelewa. Nilipotamka maneno yale, wote tuliohusika tuliondoka makaburini tumesamehewa bila kuungama. Nasema "tuliohusika" kwa sababu nilikuwa nimekaa pale miaka mitatu, nimesimamia harambee ya mabati na ya vipaza sauti, na sikuwahi hata mara moja kuwahimiza washarika kuchangia damu.

Tunaposema hivyo msibani huwa tunamtegemea Ayubu wa sura ya kwanza, anayekubali kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa. Tunasahau kwamba kitabu kina sura 42, na kuanzia sura ya 3 mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, anamlalamikia Mungu usoni, anataka kesi yake isikilizwe. Rafiki zake watatu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kumtetea Mungu. Na mwisho, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na bado unanitisha, kwa sababu kazi yangu inafanana zaidi na ya Elifazi kuliko ya Ayubu. Hata Zaburi ya 88, ambayo haifikii faraja kama zaburi nyingine za maombolezo bali inaishia gizani, waliokusanya Maandiko hawakuitoa. Iko humo ili mtu aliye gizani apate la kuomba.

Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Aprili 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Martin Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huuita ubaya wema, na wema ubaya. Wa pili hukiita kitu kwa jina lake. Miaka 24 baadaye alijaribiwa kwa fundisho lake mwenyewe. Septemba 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alimfia mikononi. Luther aliamini ufufuo kwa nguvu kuliko wengi wetu, lakini alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe Katharina, ambao walipaswa kushukuru tu kwa mwisho mwema wa mtoto wao, walishindwa kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Hakumwambia Katharina anyamaze kwa sababu kazi ya Mungu haina makosa.

Najua msomaji makini ataniuliza: kama si kazi ya Mungu, je, alikuwa wapi? Wengi hujibu kwamba Mungu hakutenda, ameruhusu tu. Neno hilo nami hulitumia, lakini halinitoshi. Mlinzi aliyemruhusu mwizi apite hatumsifu. Luther hakulikwepa jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa hiari anakiri kwamba upo upande wa Mungu uliofichika, ambao hatuufikii kwa akili zetu wala kwa nuru ya neema tuliyo nayo sasa, mpaka itakapokuja nuru ya utukufu. Anatukataza kupekua huko. Anatuelekeza kwa Mungu aliyejifunua: mtoto wa horini, mtu wa Golgotha. Wengine wataona huku ni kulikimbia swali. Pengine. Mimi naona ni kukubali kwamba halijajibiwa, na kuendelea kumshika yule anayeulizwa. Msalabani Mwana mwenyewe aliuliza kwa nini ameachwa, kwa maneno ya Zaburi ya 22, na Marko hakutuandikia jibu lolote kutoka mbinguni saa ile. Lililotokea siku ya tatu ni kwamba kifo chenyewe kilishindwa. Paulo anakiita adui wa mwisho, katika 1 Wakorintho 15. Kama kifo ni adui wa Mungu, siwezi tena kumwambia bibi kwamba adui huyo alitumwa nyumbani kwake kwa upendo. Ninachoweza kumwambia ni kwamba Mungu aliye upande wake amemwona adui huyo kwa karibu, na ameahidi kumwangamiza, na kwamba ahadi hiyo bado tunaingoja kwa machozi.

Nilimrudia baada ya miezi kama minne. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, Baba Mchungaji, karibu ukae." Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba siku ile makaburini nilisema jambo nisilolijua, na kwamba naomba anisamehe. Aliendelea kupukuchua kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani wewe unajua, ila unanificha."

Nikamwambia sijui. Nikachukua muhindi nami nikaanza kupukuchua, vibaya, hadi akanicheka kidogo. Kabla sijaaga nilimsomea Zaburi ya 88. Nilipofika mwisho alisubiri, kana kwamba kuna mistari iliyobaki. Nikamwambia imeishia hapo. Akaniomba niirudie, nikairudia, kisha akajikung'uta makapi akaenda kuchochea moto wa chai.