Kununua Asichokijua Mtu

Aliye mgeni wa sarafu za kompyuta hutatizwa na wingi wa majina na maneno yake, hata akaona haya kuuliza, akatoa mali yake kwa kufuata wenziwe. Je, kutojua kwake ni udhuru?

Ujinga katika biashara ni namna mbili. Wa kwanza ni kutojua bei ya kesho, na huu hapana mfanyi biashara aliyesalimika nao. Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, ilipita dola 60,000 mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya 20,000. Wa pili ni kutojua kile anunuacho, wala ni nani akishikaye. Na huu ndio gharari khasa. Sarafu hii haina umbo. Humilikiwa kwa ufunguo wa siri, nao ukipotea hapana kadhi wala benki ya kuurudisha. Na amwachiaye mwengine ufunguo amemwachia mali: FTX ilipofilisika Novemba 2022, wengi waliyajua hayo baada ya kufungiwa mlango.

Wanazuoni wamekhitalifiana. Mufti wa Misri aliiharimisha mwaka 2018. Malaysia, baraza la sharia la Tume ya Hisa liliruhusu biashara yake mwaka 2020. Lakini khitilafu hiyo haimpi ruhusa asiyejua, kwani hata kilicho halali hakinunuliwi gizani. Basi mwanzo wake si kununua, bali ni kuuliza. Kisha, moyo wake ukitua, atoe kiasi ambacho kikipotea watoto wake hawatalala na njaa, wala asikikope.