Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?

Twafundishwa kusamehe, nasi twawafundisha watoto wetu. Lakini je, mtu aweza kusamehe kosa alilotendewa mwenzake?

Tufikiri jinsi vilivyokwisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tarehe 9 Aprili 1865, ambayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, Jenerali Lee wa Kusini (naye alikuwa mshirika wa Kanisa la Kiepiskopali, jamaa yetu ya Kianglikana) alijisalimisha kwa Jenerali Grant katika kijiji cha Appomattox Court House, Virginia. Grant hakumdai upanga wake. Aliwaacha askari wa Kusini waende makwao, na wenye farasi au nyumbu wao wawachukue wakalime. Akaamuru wapelekewe posho ya watu 25,000, kwa maana walikuwa na njaa. Watu wake walipoanza kupiga mizinga kwa furaha, aliwakataza. Washindi wa namna hiyo ni wachache, nasi twamsifu. Yeye alikuwa amepigana na watu hao. Msamaha ulikuwa wake kuutoa.

Lakini watumwa karibu milioni 4 hawakuwamo chumbani mle, ijapokuwa askari weusi walikuwamo katika safu zilizomzibia Lee njia asubuhi ile. Ndivyo nasi tufanyavyo mara nyingine: twapatanisha ndugu wawili waliogombana, twanywa chai, na mjane aliyenyang'anywa shamba hakuitwa.

Mwezi Januari mwaka ule Jenerali Sherman alikuwa amewatengea waliowekwa huru ardhi ya pwani, kila jamaa isizidi ekari 40. Kisha Rais Johnson akawasamehe mabwana wa zamani na kuagiza warudishiwe mashamba. Mwezi Oktoba Jenerali Howard, Mkristo mcha Mungu aliyepoteza mkono wa kuume vitani, alitumwa kisiwani Edisto kuwaambia watu wawasamehe mabwana zao na kuiacha ardhi.

Wakamjibu kwa barua. Yeye, walisema, alipoteza mkono vitani tu, hivyo aweza kusamehe. Lakini mtu aliyefungwa mtini akachapwa viboko 39, mama yake na dada yake wakachapwa pia, na sasa bwana yule yule amnyima ardhi, atasameheje?

Tumeitafuta chuki katika jibu hilo, hatukuiona. Sehemu kubwa ya ardhi ilirudishwa kwa mabwana.