Mgeni na Sheria ya Meza

Sheria inapokataza watu wawili kukaa meza moja, mwenye nyumba amtii nani: serikali au mgeni? Swali hilo liliukabili kwa miaka mingi mkahawa wa Dooky Chase, mtaa wa Tremé, New Orleans, Marekani.

Ulianza mwaka 1941 kama duka la sandwichi na tikiti za bahati nasibu. Leah, aliyeolewa na mtoto wa wenye duka mwaka 1946, alikwisha kuwahudumia Wazungu katika mikahawa yao, akajua meza yenye kitambaa cheupe ilivyo. Aliwatandikia weusi wenzake meza kama hiyo. Tunu haikuwa kitambaa, bali kule kuulizwa "utakula nini?" bila ya kuonyeshwa mlango wa nyuma.

Ghorofani, weusi na Wazungu waliopinga ubaguzi walikaa pamoja kinyume cha sheria, wakala gumbo, mchuzi mzito ambao jina lake latokana na neno la Kibantu lenye maana ya bamia. Mwaka 1961, waliopanda mabasi kuuvunja ubaguzi walilishwa hapo. Je, huo ulikuwa uasi wa kunong'ona tu? Pengine. Lakini amfichaye mgeni huhatarisha chungu cha wanawe, na asiye na duka la kufungiwa ni mwepesi wa kudai kelele.

Mafuriko ya kimbunga Katrina yaliufunga mkahawa mwaka 2005. Ukafunguliwa tena 2007. Leah, aliyekwisha kupita miaka 80, alirudi jikoni. Alifariki 2019, akiwa na miaka 96, na mwiko ukashikwa na wajukuu.