Mwanamke Kuwa Mkuu wa Kampuni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limezidi kuulizwa katika mabaraza yetu ya Pwani suala hili: Je, yajuzu mwanamke kuwekwa mkuu wa kampuni, akawaamrisha wanaume na kutia sahihi juu ya mali ya watu? Wako wajibuo kwa haraka kuwa ni haramu, wakaishia hapo. Na wako wajibuo kwa haraka kuwa zama zimebadilika, nao wakaishia hapo. Wote wawili wameikimbia kazi ya fikihi. Kwani mwenye kutoa hukumu yampasa kwanza akijue kile anachokihukumia.

Wala jambo hili si la kudhania tu. Mwaka 2003 watu wa Norway walitunga sharia ya kuwa katika mabaraza ya makampuni yao makubwa ya hisa, wanawake wapate kama 40 katika 100. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kanuni ya kuwa katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, watu wa jinsi moja wasizidi thuluthi mbili. Mwaka 2017 huko Saudia, bibi Sarah al-Suhaimi alifanywa mwenyekiti wa soko la hisa la nchi ile. Na mwaka 2021 Imarati walilazimisha killa kampuni iliyo katika masoko yao ya hisa iwe na mwanamke mmoja, kwa uchache, katika baraza lake. Basi haya yamekwisha fika milangoni petu, na mwenye kuulizwa hana budi kujibu kwa ilimu.

Hoja kubwa ya wakatazao ni Hadithi aliyoipokea Abu Bakra, radhi za Mungu zimshukie, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Khabari ilipomfikia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kuwa Waajemi wamemtawalisha binti wa Kisra, alisema maneno ambayo maana yake ni kuwa hawafaulu watu waliomkabidhi mwanamke jambo lao. Hadithi hii ni sahihi, nasi hatuipindi. Walakini tutazame mafakihi waliifahamu katika jambo gani. Waliitia katika ukhalifa, nao ndio uongozi mkuu wa umma. Na madhhabi yetu ya Shafi yakaitia katika ukadhi pia, ambapo Imamu Abu Hanifa alimruhusu mwanamke kuhukumu katika yale ambayo ushahidi wake hukubaliwa. Lakini hao mafakihi wetu waliomkataza ukadhi, hawakumkataza kusimamia mali. Basi mwenye kuichukua Hadithi hii akaipeleka dukani na afisini, ameipeleka mahali ambapo wao wenyewe hawakuipeleka.

Sasa na tuulize: mkuu wa kampuni ni nani? Si khalifa, wala si kadhi. Hasimamishi hadi, wala haozi. Yeye ni mtu aliyekabidhiwa mali na wenyewe ili awafanyie kazi kwa masharti waliyomwekea, na wakitaka humwondoa. Huu kwa lugha ya fikihi ni uwakala, na uwakala katika mali ni amana. Na mwanamke kuwa wakili katika kuuza na kununua, yajuzu katika madhhabi yetu. Aliyozuiwa ni mambo mengine yajulikanayo, kama kuwa wakili wa kuoza.

Na liko lililo kubwa kuliko uwakala, nalo ni wasia juu ya mayatima. Mwenye kusoma Minhaj ya Imamu Nawawi katika mlango wa wasia ataona ya kuwa uanaume si sharti kwa msimamizi wa watoto na mali yao. Bali mama yao, akitimiza masharti, ni bora kuliko wengine. Ajabu ni kuwa kitabu hiki twakisoma misikitini, kisha tukitoka nje twasema kuwa mwanamke hawezi kushika hesabu.

Tena tutazame wakfu. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab alipoliweka wakfu shamba lake, alimwandika binti yake, Bibi Hafsa, awe msimamizi maisha yake, na baada yake mwenye rai njema katika jamaa zake. Wakati huo alikuwako mwanawe Abdallah, mtu mzima, tena katika wanavyuoni wa Masahaba. Umar hakuwa mtu wa kulegea katika dini, wala hakuwa na haja ya kumpendeza mtu. Alitazama ni nani atakayeilinda amana, akamkabidhi.

Watasema: Je, Kur'ani haikusema kuwa wanaume ni wasimamizi wa wanawake? Twajibu: Naam, imesema, nayo ni haki. Lakini aya hiyo ya Suratu Nnisaa yataja katika sababu zake kuwa wanaume hutoa mali zao, yaani nafaka na mahari. Ni aya ya mume na nyumba yake. Karani wa kampuni hampi nafaka mkuu wake, bali yeye ndiye apokeaye ujira kwake. Bwana wetu Muhammad mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alichukua mali ya Bibi Khadija kwenda nayo Shamu kufanya biashara, mwenye mali akiwa ni mwanamke na yeye akiwa ni mtenda kazi wake. Wala haikupokewa kuwa baada ya utume aliliona hilo kuwa ni aibu.

Ama kipimo cha kumchagua mtu wa kazi, tumekwisha pewa katika Suratu Lqasas, katika kisa cha Nabii Musa huko Madyan. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri Musa, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu ya mchungaji ni mwili, na nguvu ya mkuu wa kampuni ni ujuzi wa hesabu, na wa masoko, na wa watu. Basi mwenye kumruka hodari mwaminifu akamweka mzembe kwa kuwa ana ndevu, hakuihifadhi dini. Ameikhini mali ya wenyewe, na huenda ndani yake mna hisa za mjane na yatima. Na hukumu ni hiyo hiyo kwa mwenye kumnyima mtu kazi kwa ajili ya kabila lake au rangi yake.

Walakini kipimo hiki hukata pande zote mbili. Ikiwa mlango ulifungwa kwa dhulma, sharia yenye kuufungua yaondoa dhulma. Lakini mwenye kumtafuta binti yake asiyejua kazi, akamketisha barazani ili kiti kihesabiwe, naye akatia sahihi asiyoyasoma, huyo ameidanganya serikali, akawakhini wenye mali, na akamdhulumu na huyo binti.

Na masharti ya adabu hayaondoki: sitara, na kutokuwa faragha mwanamume na mwanamke wasio maharimu. Lakini masharti haya ni juu ya wote wawili. Mwanamume asiyeweza kuinamisha macho yake, dawa yake ni kumcha Mungu, si kumwondoa mwenzake kazini.

Ndugu zangu, lililo zito kuliko yote limo majumbani mwetu. Amekufa mtu mwenye duka kubwa, akaacha mke, na mtoto mwanamume mmoja, na binti wawili. Igawe mali yake mafungu 32: mke apata thumuni, yaani 4; mtoto mwanamume apata 14; na killa binti apata 7. Jumlisha ya wanawake: ni 18. Basi zaidi ya nusu ya duka lile ni mali yao. Lakini nenda kesho utazame. Kijana ameketi mbele ya sanduku la fedha, asema «duka langu». Mama hupewa cha sikukuu, na dada zake hawajaona daftari tangu matanga. Hawa wameshirikiana katika mali moja, na mshirika hana ruhusa ya kuitumia sehemu ya mwenziwe illa kwa idhini yake. Mwanamke aliyebaleghe na kupata rushdi ni mwenye mali kama mwanamume. Si mumewe wala nduguye awezaye kumfungia.

Huyo kijana akiulizwa juu ya mwanamke kuwa mkuu wa kampuni, hujibu kuwa sharia hairuhusu. Na hali sharia ile ile yamwambia ya kuwa wenye kampuni wamo jikoni, naye ni wakili wao asiyepewa uwakala. Siku ya Kiyama hataulizwa mwenyekiti alikuwa mwanamume au mwanamke. Ataulizwa yale mafungu 18 aliyapeleka wapi.

Basi aliye na mali ya mama yake au dada yake mkononi, na afungue daftari leo mbele yao, awape haki yao au awaombe idhini yao. Na akiona katika hao aliye hodari kuliko yeye, na amwachie kazi. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe. Wabillahi ttaufiq.