Mzigo na Kasoro Isiyoonekana

Mjukuu wangu anasomea uhandisi. Likizo iliyopita alikuja hapa Nyakahanga na kompyuta yake, akawa anafanya hesabu barazani huku mimi nikichambua kahawa. Nilimwuliza anahesabu nini.

"Babu, nataka kujua ganda hili litabeba mzigo kiasi gani kabla halijabonyea."

Ganda lenyewe lilikuwa mfano wa pipa jembamba la nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zilizoshikwa kwa gundi ngumu, kama yanayotumika katika roketi. Kompyuta huligawa katika maelfu ya vipande vidogo, na kila kipande huelezwa: kina tabaka ngapi, unene wake ni upi, nyuzi za kila tabaka zimelala upande gani. Ndipo hutafutwa mzigo utakaolishinda.

"Lakini jibu la kwanza haliaminiki," akaongeza. Nilishangaa, maana hesabu haikuwa na kosa. Akanieleza kuwa hesabu hiyo hulichukulia ganda kana kwamba halina dosari hata moja. Akachukua kopo tupu la soda, akasimama juu yake kwa mguu mmoja, polepole. Kopo likastahimili. Akaniambia niliguse ubavuni kwa kijiti. Nilipoligusa tu, likabonyea lote.

Kumbe jambo hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Mapipa membamba yaliyogandamizwa katika maabara yalibonyea kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa hesabu, mengine hata chini ya nusu yake. Mwaka 1945 Mholanzi Warner Koiter alionyesha katika tasnifu yake kwamba maumbo ya namna hii huweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa kasoro ndogo kuliko unene wa ganda lenyewe. Katika ganda la nyuzi, kasoro hiyo yaweza kuwa nyuzi zilizolala kombo kidogo, au kiputo cha hewa kati ya tabaka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mwanachuo mmoja wa wakati nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Alikuwa bora kuliko wote, nami nikamtwisha: kiranja mkuu, msimamizi wa shamba, mtunza ghala, mwalimu wa jioni wa wenzake waliokuwa nyuma. Mwaka huo alikuwa amefiwa na baba yake. Nilijua, ila niliona ni jambo lililokwisha. Alfajiri moja aliondoka bila kuaga, akaacha funguo za ghala mezani kwangu. Hakurudi tena. Siku iliyotangulia alikuwa akicheka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeifundisha maisha yangu yote. Lakini zipo nyufa zisizozibika. Hakuna fundi aundaye ganda lisilo na dosari, wala mzazi azaaye mtoto wa namna hiyo. Nyufa hizo hatuna budi kuzihesabu, na kupunguza mzigo mapema.

Msomaji ataniuliza: je, kumdhania kila mtu udhaifu si kumdharau? Swali hilo ni la haki. Katika miaka ya 1960 NASA, shirika la anga la Marekani, lilitoa mwongozo wa kupunguza jibu la hesabu kwa kiwango kilichotokana na majaribio mengi. Usalama ulipatikana, lakini mara nyingi vyombo vilikuwa vizito kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa ganda zuri lilihukumiwa pamoja na baya. Mjukuu wangu anasema sasa wapo wanaolipima ganda lenyewe, umbo lake lilivyo hasa, na kuziingiza kasoro zake katika hesabu.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Kumtwisha mtu kana kwamba ni mkamilifu ni ukatili. Kumnyima mzigo kwa kumdhania tu ni dharau. Kilichobaki ni kumjua, yeye mwenyewe, na kumjua huko huchukua muda ambao wakubwa wengi hatupendi kuutoa.

Mimi sikuutoa. Asubuhi ile nilizichukua zile funguo mezani, na kabla ya saa nne nilikuwa nimekwisha kumkabidhi mwanachuo mwingine.