Maji ya Uluguru na Deni la Mjini

Milima ya Uluguru huanza pale nyumba za mwisho za Morogoro zinapokoma. Kilele cha Lupanga, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, huonekana kutoka katikati ya mji. Mkulima wa mlimani hushuka alfajiri na mkungu wa ndizi au tenga la mboga, akauza, akarudi kwake kabla ya magharibi. Maji nayo hushuka, ila hayauzwi na aliye juu. Mto Morogoro hupita mjini, Ngerengere huingia bwawa la Mindu, na Ruvu huipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Ujirani wa namna hii huzaa swali la maadili: anayeishi kwenye chanzo ana wajibu gani kwa anayekunywa chini, naye mnywaji ana deni gani kwake?

Katika desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mtu hugawiwa mahali pa kulima. Mavuno ni yake, lakini ardhi yenyewe ni ya waliokufa na watakaozaliwa pia. Ndiyo maana misitu ya matambiko haikuguswa. Mipaka ya wajibu huo haikuishia mlimani. Wakati wa ukame, Wazaramo walisafiri kutoka nyanda za pwani hadi pango la Kolelo, huko Uluguru, wakiwa na sadaka, kuomba mvua na mavuno. Hapa pana jambo zito kuliko linavyotazamwa mara nyingi: watu wa bondeni walikiri kwamba uhai wao unatoka juu, na hawakupanda mikono mitupu.

Leo wengi wa Waluguru ni Wakatoliki au Waislamu. Uislamu humwita binadamu khalifa wa Mungu duniani na huyahesabu maji kuwa haki ya pamoja. Waraka wa Papa Francis, Laudato Si', wa mwaka 2015, unayataja maji salama kuwa haki ya kila mtu. Imani zote mbili zinakataa mtu kumnyima mwenziwe maji. Hazisemi, hata hivyo, kwamba anayeyatunza afanye hivyo bure huku akikosa shamba.

Serikali ya kikoloni iliulizia upande mmoja tu wa swali. Katika miaka ya 1950 iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, na udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikatokea, na mpango ukaachwa. Msitu uliobaki ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Katazo la kukata miti humo ni la haki, kwa kuwa msitu hunasa ukungu, hushika udongo na ndiyo makazi ya ndege na mimea isiyopatikana kwingine. Lakini mzigo wake humwangukia mwenye eka moja ya mteremko, ambaye mara nyingi hana bomba nyumbani.

Mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine, ya wanufaika wa maji ya Ruvu kuwalipa wakulima wa mlimani wanaotunza udongo. Wapo wanaohofu kwamba malipo hugeuza wajibu kuwa biashara. Hofu hiyo ina uzito, ila inakosea kitu kinacholipiwa. Anayelipwa hauzi maji aliyoyaumba Mungu. Anafidiwa jasho lake na ardhi aliyoiacha bila kulima. Mtu wa mjini anayedai msitu usimame, kisha asichangie chochote kwa anayeusimamisha, anajipatia haki kwa gharama ya mwenziwe. Kwa haki, ankara za maji za Morogoro na Dar es Salaam zinapaswa kubeba fungu la vijiji vya Uluguru.